Toroli Zikikutana Shimoni

Jumatatu, 3 Februari

Zamu yangu ya maji shambani Mubuku. Nimefungua mfereji saa moja asubuhi, nimekaa kwenye tuta kungoja. Mpunga umeshika vizuri. Ndege bado hawajaanza ujinga wao.

Simu mpya mfukoni. Nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Binti yangu Nekesa ameituma kutoka Kampala pamoja na karatasi: Baba, usiiweke kabatini. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza michezo ya simu, na anataka mtu mzima wa kuwapimia. Vijana wanasifu kila kitu, anasema, lakini wewe husifu chochote. Ni kweli. Hata kwenye harusi yake nilisema wali haukuiva.

Kazi niliyopewa: nicheze kila aina, niandike ni mchezo gani unastahili simu yenye nguvu namna hii, na upi ungetosha kwenye simu yoyote. Miaka yote nilipima unga wa saruji kwenye maabara ya kiwanda. Nimestaafu, sasa napima michezo. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Nimeanza na mpira. Loo! Wachezaji wanatoka jasho. Nyasi zinalala zikikanyagwa. Nimefungwa saba bila. Nilipoinua kichwa, maji yalikuwa yamevuka tuta na kuingia kwa jirani, askari mstaafu ambaye sote tunamwita Afande. Akanipigia kelele kama tuko gwarideni: "Wewe! Funga maji! Sasa hivi!" Mzee mzima nikakimbia na suruali imekunjwa magotini. Nimeona haya.

Alhamisi, 6 Februari

Mashindano ya magari. Simu inashikwa kwa mikono miwili kama usukani, ukiinamisha, gari linakata kona. Nimeinama mpaka nimeanguka kutoka kwenye kiti. Simu imepata moto kama chapati. Gari limeingia baharini mara kumi na moja.

Nimeandika: mchezo huu unastahili simu kubwa. Haunistahili mimi.

Simu yangu ya zamani, ya vibonye, nimeiweka kwenye droo. Ile haikuwahi kuchoka wala kupata moto. Ilikuwa na nyoka mmoja tu wa kula nukta. Marehemu mke wangu alikuwa hodari kwa nyoka yule kuliko mtu yeyote Kasese. Alicheza huku anapika, na maharage hayakuungua.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada, mchezo wa vita. Watu mia wanashuka kwa miavuli kwenye kisiwa, wanauana hadi abaki mmoja. Mimi niliingia kwenye nyumba moja ya mabati, nikafunga mlango, nikasimama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha huko ndani ya simu. Unaona inavyotiririka kwenye bati, unaisikia. Nimetazama mvua kwa dakika ishirini. Halafu akaja mtu akanipiga risasi.

Nimempigia Nekesa kumweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Baba, wewe si mchezaji. Wewe ni mpangaji."

Akanifundisha kitu, na nimekielewa. Karata, ludo, drafti, nyoka: hizo zinaenda kwenye simu yoyote, kwa sababu mchezo wenyewe uko kichwani. Simu yenye nguvu inataka mahali. Maji yanayotembea, vivuli, umati, mlima unaoukaribia na unakua. Vitu vingi vikitendeka kwa pamoja bila simu kukwama. Akaniuliza: Baba, ungependa kukaa wapi?

Nilimwambia nitafikiri. Lakini nilijua hapo hapo.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemwambia. Laini ya Chini.

Nimeongea saa nzima, yeye anaandika. Nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba, mstari mmoja kando ya mto, mlango wetu wa nne. Baba alitoka Kenya na mfuko mmoja na Biblia, akaja kusukuma toroli. Jirani upande wa kushoto Wakonzo, wa kulia Mwacholi, mbele yetu Mtooro aliyefuga bata. Watoto tulizungumza Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya kugombania bata. Nikamweleza king'ora cha zamu, mawe meupe ya mto, moshi wa jioni unavyokataa kupanda kwa sababu ya mlima. Mto ulipofurika ulibeba laini yote. Leo pale ni mawe matupu. Nilikwenda mara moja kuona, sikurudi tena.

Halafu nikamweleza mchezo wetu, toroli. Haupo mahali pengine duniani. Tuliubuni wawili, mimi na Bwambale, mtoto wa mlango wa tano. Vishimo vitano mstari mmoja ardhini. Cha chini ndipo ulipo mgodi, unaweka punje za mahindi, hizo ndizo shaba. Cha juu ni mdomo wa shimo. Vifuniko vya soda ndivyo toroli. Unashuka na kifuniko kitupu, unapakia punje moja, unapanda nayo. Mwenzako anaficha kokoto mkononi. Ukibahatisha mkono wenyewe unasogea hatua moja. Atakayefikisha punje kumi juu ndiye mshindi. Njia ni moja tu. Mkikutana, mmoja lazima arudi alikotoka, na kama alikuwa amebeba anamwaga mzigo.

Nekesa akauliza swali ambalo nilijua litakuja. Nani anarudi?

Nikamwambia nitamjibu baadaye.

Alhamisi, 27 Februari

Ametuma kipande cha kwanza. Mlima, mto na nyumba nane zisizo na milango. Mto hauna sauti bado. Mawe ni ya kijivu, nilimwambia meupe.

Nimelia. Sikutaka, lakini nimelia, peke yangu kwenye kiti cha plastiki. Nimemwandikia: mawe ni meupe. Bata wako wapi?

Jumamosi, 8 Machi

Bwera kwa Bwambale. Tangu mwaka jana hatujaonana. Yeye ana duka la vitenge karibu na soko, mke wake Masika ndiye anayeliendesha siku hizi. Nilidhani ni uzee. Kumbe ni macho.

Nilipoingia alinitambua kwa kikohozi. "Mukenya! Kuya, ikala hapa." Tumezaliwa siku za karibu karibu katika zahanati moja, lakini nitakufa Mkenya. Uso wake ulielekea pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa. Nikamwambia anitazame vizuri, nimenyoa. Akasema, "Sioni muzuri tena. Iko ukungu tu. Asubuhi iko afazali kidogo." Sukari ndiyo inayoyala. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto madaktari wanataka kulipasua, lakini tarehe bado.

Nikasema kuhusu mchezo. Akafurahi mno, akapiga makofi, akamwita Masika aje asikie. Laini ya Chini ndani ya simu! Akauliza kama mti wa mapera upo. Nikasema utakuwepo. Akasema lazima aione kabla jicho halijazima. Nikamwahidi.

Na hapo ndipo mjinga mimi nikauliza: sheria ya kukutana, tuweke ipi?

Haya. Miaka arobaini na kitu, na ilikuwa kama jana. Mimi nasema toroli tupu inarudi, iliyobeba inapita. Baba yangu alisukuma toroli hadi mgongo ukapinda, na alisema mwenye mzigo haombi njia. Bwambale anasema aliyeingia njiani kwanza, atoke juu atoke chini, ndiye mwenye njia, awe tupu awe amebeba. Baba yake ndiye aliyepiga kengele mdomoni mwa shimo, na maisha ya watu yalikuwa mikononi mwake. "Muzee yangu hakuua mutu hata moja," akasema. "Hata moja! Kwa hiyo sheria."

Mara ya mwisho tulipocheza tulikuwa tisa kwa tisa. Mimi nilikuwa kishimo cha tatu kutoka chini, nimebeba punje ya ushindi. Yeye kishimo cha nne, anashuka mtupu. Yeye aliingia kwanza, mimi nikiwa bado napakia chini, hilo sijawahi kulikataa. Tukagombana, nikapiga mchezo wote teke. Mgodi ulikuwa umefungwa, na asubuhi yake familia yao ikapakia godoro kwenye lori kwenda Bwera. Hatukuagana. Tumekuwa marafiki tena tangu tuwe watu wazima, nimesimamia harusi yake, lakini toroli hatujacheza.

Leo tumefoka mpaka wateja wakatoka dukani. Nikamwambia baba yake alikuwa anakaa kwenye stuli na kengele wakati baba yangu anatapika vumbi. Maneno mabaya. Masika akaniletea kofia yangu.

Njiani simu ikalia: ujumbe wa kunikaribisha Congo. Mnara wa ng'ambo ya mpaka umenichukua nikiwa sijavuka hata mtaro. Nilicheka kwa hasira.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikuimba. Ukimwi wa moyo ni kiburi, alisema mchungaji. Nilihisi ananiangalia.

Jumapili, 16 Machi

Nekesa ameuliza tena sheria. Nimemwambia tumekubaliana na Bwambale: tupu inarudi.

Nimemdanganya mtoto wangu. Nimeandika hapa ili angalau niwe nimesema ukweli mahali pamoja.

Ijumaa, 11 Aprili

Masika amepiga simu. Sauti ndogo. "Shemeji, wametupa tarehe. Jumatano ya tarehe ishirini na tatu." Hospitali ya macho, mwendo wa nusu siku. Gari la kukodi litaondoka Bwera saa moja asubuhi. Daktari amesema wazi: likikubali ataona, likikataa ndio basi. Siku hizi anaona maumbo makubwa na rangi kali, tena asubuhi tu.

Nikauliza kama bado amenikasirikia. Masika akasema, "Anauliza kila siku kama mapera yamewekwa."

Siku kumi na mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia Nekesa alfajiri. Sikumbembeleza, nilimwomba. Kwa mara ya kwanza maishani nimemwomba binti yangu kitu. Nimemwambia sijali toroli, sijali alama, aweke nyumba, mto, mti wa mapera kati ya mlango wa nne na wa tano, na king'ora. Rangi kali. Milango yetu tuliipaka buluu ya bahari, rangi iliyobaki kwenye karakana ya mgodi.

Akasema wenzake wana kazi nyingine. Halafu akasema, "Sawa, Baba. Wacha nione."

Zamu ya maji imenipita. Afande amenifungulia na kunifungia bila kuombwa. Nimempelekea papai.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Mchezo umefika. Unachukua simu nzima. Ilibidi nifute mpira, magari na vita vyote. Nimevifuta bila kuaga.

Siwezi kueleza vizuri. Unaanzia darajani. Unatembea kwa kidole. Mawe ni meupe. Mto unasikika kushoto, ukigeuka unasikika kulia. Milango ya buluu. Mapera! Bata saba wa yule Mtooro, ukiwakaribia wanakimbia. Moshi umelala juu ya paa, haupandi. Nimefika mlango wa nne nikasimama. Nilijua hakuna mtu ndani. Hata hivyo nilibisha hodi, kwa mdomo, hapa sebuleni kwangu.

Ripoti yangu kwa Nekesa imekuwa sentensi moja: mchezo unaostahili simu kubwa ni ule wenye mahali pa kukaa hata ukiwa huchezi.

Ametaka nimsifu zaidi. Nimemwambia wali umeiva.

Jumanne, 22 Aprili

Niko Bwera. Mimi ni mpumbavu. Nianze mwanzo.

Nimepanda gari saa tisa, kiti cha mbele. Nikasema nipitie laini mara moja tu, nihakikishe inafunguka. Nikapita mara moja. Nikarudi tena kuangalia karakana. Nikakaa chini ya mapera. Tulipofika sokoni Bwera simu ilikuwa ya moto, na mara ikazima mkononi mwangu. Betri imekwisha yote. Mchezo mkubwa unakula kama lori.

Kwa Bwambale umeme umekatika tangu mchana. Nyumba imejaa ndugu waliokuja kumwombea. Yeye kwenye kiti, shati jeupe, ananingoja. Akanyoosha mkono hewani. "Leta nione." Nikamwambia betri. Akacheka. Hakukasirika, ndiyo mbaya zaidi. Jioni haoni kitu hata hivyo, akasema. Nije asubuhi, jicho likiwa limepumzika. Tukapatana: saa kumi na mbili niwe mlangoni, saa moja gari linaondoka. Saa nzima ya kutembea Laini ya Chini, yeye na mimi.

Sheria hatukuitaja.

Kwao hakuna pa kulala. Nimechukua chumba kwenye nyumba ya wageni upande wa chini, karibu na mpaka. Wana sola. Simu inachaji. Nimetega kengele saa kumi na moja na nusu, nimeijaribu, inalia vizuri. Nguo ziko tayari kwenye kiti.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemkosa.

Kengele ililia saa kumi na moja na nusu. Simu ndivyo ilivyosema. Nje kulikuwa kumeanza kuwa kweupe, nikashangaa kidogo. Nikasema labda Bwera kunawahi kupambazuka. Nilioga. Nilikunywa chai na chapati nzima, Mungu anisamehe, chapati nzima. Nikapanda polepole, betri mia kwa mia. Saa ya simu: kumi na mbili na dakika tano.

Mlangoni nikamkuta Biira, binti yake mkubwa, anafagia. Akaegemea ufagio. "Baba mudogo, wameenda." Nikamwambia bado saa nzima. Akanionyesha saa ya ukutani. Saa moja na dakika tano.

Usiku ule mnara wa Congo uliichukua simu yangu na kuirudisha nyuma saa moja, kwa sababu ng'ambo ile wao wako nyuma yetu. Simu hii ina akili nyingi, inajirekebisha yenyewe bila kuulizwa. Ile ya vibonye, iliyo kwenye droo Kasese, haikuwahi kunibadilishia saa. "Hapa mutu haamini saa ya simu, baba mudogo," Biira akasema. "Inaenda Congo na inarudi. Hata batoto wanajua." Na mimi nilikaribishwa Congo kwa ujumbe mwezi uliopita, nikacheka.

Walinipigia. Simu kwa mnara ule haikupokea.

Walinisubiri. Bwambale alikataa kupanda gari. Alisimama barabarani na shati lake jeupe, uso ameuelekeza huko chini nilikolala, mpaka dereva akapiga honi na Masika akamshika mkono.

Saa nne nimempata kwa simu ya Masika. Niliongea ovyo. Akasema, "Hapana lia, Mukenya. Nitaona kesho kutwa, wakitoa bandeji. Mapera hayaanguki."

Nimekaa kwenye ngazi ya duka lake mpaka jua likawa utosini. Nina hasira na simu, na minara, na Congo yote. Lakini chapati nilikula mimi.

Alhamisi, 24 Aprili

Kasese. Sijafungua mchezo. Nimeirudisha simu ya vibonye mezani ili inipe saa.

Jumamosi, 3 Mei

Masika amepiga. Jicho limekataa.

Alisema maneno mengine, kuhusu daktari na dawa. Sikuyasikia. Nilikuwa nafikiria shati jeupe barabarani.

Nimempigia Nekesa nikamwambia yote, pamoja na uongo wa sheria. Hakunikaripia. Aliniuliza kama ninakula.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Bwera. Niliogopa njia nzima. Nilichukua simu zote mbili, na mfuko wa nailoni.

Tulikaa uani, Masika ametandika mkeka. Bwambale amekonda, lakini mdomo ni ule ule. "Mukenya, unanukia saruji mpaka leo." Nikataka kuomba msamaha kwa hotuba niliyotayarisha. Akanikata. "Fungua laini. Nataka kusikia."

Nikafungua. Nikaweka simu kubwa chini kati yetu, sauti hadi mwisho. Mto ukaanza. Akainamisha kichwa. Nikatembea kwa kidole na kumwambia tulipo: darajani, karakana, mlango wa kwanza. Kabla sijafika kwa bata akaniambia nigeuke kushoto, akawasikia, akacheka na machozi yakitiririka wazi, hakuyapangusa. King'ora kikalia mara moja. "Hapana," akasema. "Ilikuwa inalia mara mbili. Kwanza ndefu, halafu fupi. Ambia mutoto." Nilikuwa nimesahau kabisa. Alikuwa sahihi. Nimeandika kwenye kiganja.

Tukafika chini ya mapera. Nikaiacha simu hapo, mto unaendelea.

Halafu nikafungua mfuko. Vifuniko vya soda, punje za mahindi, kokoto moja. Nikachimba vishimo vitano kwa kijiko cha Masika. Nikamshika mkono nikavipitisha vidole vyake juu ya vishimo vyote, chini mpaka juu. Hakuuliza ni nini. Alichukua kifuniko kimoja, akaukunja ukingo kwa meno, kama alivyofanya zamani ili vyake visichanganyike na vyangu. Mama yake alimchapa kwa ajili ya meno yale. Masika akapiga kelele kutoka jikoni, meno yenyewe yamebaki mangapi!

Nikamwambia hatuanzi upya. Tisa kwa tisa. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Akaweka kifuniko chake kitupu kishimo cha nne, bila kukosea. Mimi nikaweka changu cha tatu, na punje ndani. Toroli mbili, njia moja. Akanyoosha kidole akagusa changu, akaigusa punje, akarudisha mkono mapajani. Alikuwa anangoja nianze kugombana.

Niliitazama punje ile. Nilimfikiria Baba, mgongo wake. Nilifikiria pia mtu amekaa kwenye stuli mdomoni mwa shimo, anahesabu nani ameingia.

Nikashuka. Cha pili. Cha kwanza. Nikainamisha kifuniko, na punje ikaangukia zile nyingine.

Aliisikia. Alipapasa kishimo cha tatu, kitupu. Bata walikuwa wanapiga kelele ndani ya simu.

"Mukenya. Ulikuwa umebeba."

"Wewe uliingia kwanza," nikasema. "Pita."

Akapita. Kokoto nilificha kwa haki, sikumwonea huruma, yeye mwenyewe angejua. Amenifunga kumi kwa tisa. Amewaambia majirani wote.

Simu kubwa iliishiwa betri saa kumi. Tulikunywa chai. Nikaangalia saa kwenye ile ya vibonye, nikapanda gari la mwisho.